Binti yangu ameitwa meli ya kitalii, Krismasi itamkuta Karibi. Naomba ushauri wenu

Mama Chikongola (Mtwara)

Habari zenu humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nina jambo limenikaa rohoni, nimeona nilitoe hapa maana humu wamo mabaharia na wazazi wa mabaharia. Binti yangu wa pili alisomea hoteli, akafanya kazi Dar kwenye hoteli ya ufukweni, na mwaka huu amefaulu usaili wa meli ya kitalii, zile kubwa zinazobeba abiria maelfu. Atakuwa mhudumu wa vyumba. Ameambiwa aripoti Miami, Marekani, wiki ya kwanza ya Desemba. Meli itakuwa inazunguka visiwa vya Karibi na kurudi, wiki baada ya wiki. Maana yake Krismasi itamkuta majini, kazini.

Kwetu Krismasi ni kitu kikubwa. Wakulima wa korosho mnanielewa: mwezi wa kumi na mbili hela ya mnada imeshaingia, maembe yamejaa kila kona, ndugu wa Dar wanateremka na mabasi, nyumba inafurika mpaka watoto wanalala sebuleni chini. Mkesha tunakwenda kanisani wote, na huyu binti ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Asubuhi yake ndiye anayesimama kwenye sufuria la pilau, sisi wengine tunamenya vitunguu tu. Mchana tunavuka na kivuko kwenda Msangamkuu watoto wakaogelee. Tangu azaliwe hajawahi kukosa.

Kazi naitaka, sitaki kumfungia riziki. Ila nauliza kwa dhati. Huko melini kuna ibada, au Krismasi ni muziki na pombe za abiria tu? Atapata hata saa moja ya kusali? Atakula nini siku hiyo? Nitaweza kuisikia sauti yake? Na bahari yenyewe je? Mimi ni kizazi cha MV Bukoba, na ile Spice Islander ya 2011 niliifuatilia redioni usiku kucha, kwa hiyo nikisikia meli imejaa watu moyo unaenda mbio.

La mwisho ni hela. Kuna mtu anayejiita wakala anataka tumpe milioni tatu na nusu "ya kushikilia nafasi" kabla ya mwezi huu kwisha. Baba yake anasema bora tutoe korosho kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua kwa bei ya chini nje ya mnada, hela ipatikane haraka kuliko mtoto apoteze bahati. Mimi nasita.

Dobi wa Lindi

Salaam dada yangu. Mimi ni mtu wa Lindi mjini, Muislamu, na meli za kitalii ndizo zilizonisomeshea watoto. Nilianzia dobini, chini kabisa karibu na mitambo, nikapanda mpaka nikawa mhudumu wa vyumba, kazi hiyo hiyo aliyoitiwa binti yako. Naanza na hela kwa sababu ina haraka.

Usitoe hiyo milioni tatu na nusu. Na shemeji mwambie korosho zake aziache ziende chama cha msingi zikapate bei ya mnada. Upo mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, na umekataza waziwazi baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi au kuwekewa nafasi. Anachoruhusiwa kugharamia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza, mkataba unasema gharama yake ni ya mwenye meli. Binti ahakikishe ana barua ya kampuni na mkataba wa kazi wenye jina la meli, cheo chake, mshahara, muda wa kukaa na nani anamrudisha nyumbani. Kitabu cha baharia kwa sisi wa bara kinatolewa na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Kozi za usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu binafsi, anazipata chuo cha mabaharia DMI pale Dar. Viza ya mabaharia ya Marekani, ile ya C1/D, anakwenda kuiomba mwenyewe ubalozini akiwa na ile barua. Katika hatua zote hizo hakuna mahali pa mtu wa kushikilia nafasi. Mwambieni awape barua ya kampuni inayosema hela hiyo ni ya nini. Mtaona atakavyojibu.

Sasa Krismasi. Kwa abiria ni wiki tamu kuliko zote. Kwa mhudumu wa vyumba ndiyo wiki nzito kuliko zote, na sababu yake ni vitanda. Siku za kawaida chumba kina watu wawili, mara nyingi mtu na mkewe wameshastaafu. Wiki ya Krismasi shule zimefungwa, basi anakuja babu, bibi, watoto na wajukuu, wamechukua vyumba vitatu vinne vilivyofuatana, na kila chumba inabidi uteremshe vile vitanda vya juu vinavyofichwa kwenye dari. Asubuhi unatandika, unapandisha. Jioni unarudi, unateremsha, unatandua. Taulo zinaongezeka mara mbili, mchanga wa ufukweni umo kwenye kila zulia. Na humo humo watu wana furaha na wanataka uifurahie pamoja nao. Milango ya vyumba ni ya chuma, kwa hiyo wanabandika mapambo kwa sumaku, soksi nyekundu, nyota, picha za wajukuu, korido nzima inang'aa. Katikati ya meli, kwenye ukumbi ule unaopanda ghorofa kadhaa, unasimamishwa mti mrefu, na waokaji wanajenga kijiji kizima kwa biskuti za tangawizi. Nje joto ni nyuzi 27 au 28, watu wako kwenye bwawa. Ndani, watoto wanapulizwa povu jeupe liwe theluji.

Kuna jambo moja la usiku wa tarehe 24 ambalo sijalisahau. Niliingia chumba kimoja kutandua nikakuta mlango wa kibaraza uko wazi kabisa, kiyoyozi kimejizima, maana kwenye meli nyingi mlango huo ukiwa wazi hewa ya baridi haitoki. Mashuka yamelowa unyevu wa bahari. Mezani pana biskuti mbili na glasi ya maziwa, na kikaratasi cha mkono wa mtoto: mlango usifungwe, mzee wa Krismasi atapita hapa kwa sababu meli haina dohani ya nyumba. Nilikuwa na vyumba saba mbele yangu. Nikabadilisha mashuka yote ya kitanda kile, nikafunga mlango kwa sababu za usalama, kisha nikakunja taulo kwa umbo la ngamia, maana kukunja taulo ndiyo sanaa yetu, nikamweka ngamia mlangoni anatazama nje. Biskuti sikuzigusa. Asubuhi mama yake yule mtoto alinisubiri koridoni akanishika mkono, hakuweza kusema. Binti yako atakutana na siku kama hizo, na kazi ile ina heshima yake.

Ibada ipo, dada, ila saa yake inatafutwa. Abiria wanawekewa misa na ibada kwenye ukumbi wa maonyesho. Baadhi ya kampuni hupandisha padri wakati wa Krismasi na Pasaka, wengi wao wanapatikana kupitia Stella Maris, utume wa Kanisa Katoliki kwa mabaharia ulioanzia Glasgow mwaka 1920. Waanglikana nao wana Mission to Seafarers, ya tangu 1856. Wafanyakazi ibada yao inakuja baadaye, onyesho la mwisho likishakwisha, kama saa sita usiku au saa saba, pengine kwenye bwalo letu la chakula. Na usidhani ni ibada ya watu watatu. Wafilipino ni wengi mno kwenye meli hizi, na wao wana desturi ya kusali alfajiri siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24, wanatundika taa za umbo la nyota. Wapo Wahindi wa Goa, Waindonesia wa kisiwa cha Flores ambao ni Wakatoliki, Wajamaika, Wakenya. Watu wamesimama na sare zao, wengine viatu vya jikoni vina unga, wanaimba sauti nne bila kinanda. Mwenye sauti ya kwanza watamdaka siku atakayofika.

Nakuomba hili ulishike na umfikishie. Kazi haisimami saa ya ibada. Mmoja akienda kusali, mwingine lazima ashike pale pake. Sisi Waislamu, mimi na Waindonesia wa Java, siku mbili kabla tulikuwa tunakaa na orodha ya zamu na kusema, wewe nenda, vyumba vyako vya mwisho nipe mimi. Idi ikifika, wao wanashika vya kwetu tunakwenda kuswali. Hakuna bosi aliyetuagiza. Kwa mtu wa Lindi hilo si geni, sahani ya pilau ya Krismasi inaingia nyumba ya Muislamu na ya Idi inaingia ya Mkristo, hatuulizani. Huko melini kinachobadilishwa ni saa za kazi, na saa moja ya mtu aliyesimama tangu alfajiri ni sadaka kubwa kuliko sahani. Kwa hiyo asisubiri tarehe 24 kuomba. Afike Desemba mwanzoni, amsaidie mwenzake wiki ile ile ya kwanza, amshikie vyumba anayeumwa kichwa. Atakayemsaidia ndiye atakayempa saa yake.

Simu: meli nyingi sasa zina intaneti ya satelaiti, wafanyakazi wananunua vifurushi au wanapewa kiasi. Miami iko nyuma yetu saa 8. Ikiwa saa sita ya usiku wa Krismasi kwao, Mtwara ni saa mbili asubuhi. Akimaliza ibada saa saba usiku, wewe ni saa tatu asubuhi, umetoka kanisani. Wekeaneni saa hiyo kabla hajaondoka, na siku hiyo simu yako iwe na chaji.

Chakula kipo kingi. Wali uko kila mlo kwenye bwalo la wafanyakazi. Tarehe 25 kwenye meli nyingi maofisa wanafunga aproni na kuwapakulia wafanyakazi, bata mzinga, nyama ya kuchoma, na kapteni mwenyewe anakuuliza uongezewe nini.

Bahari sasa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unafungwa tarehe 30 Novemba, na Desemba Karibi wanaingia kiangazi. Ziko siku upepo wa baridi unashuka kutoka bara la Marekani, meli inayumba na bandari nyingine wanairuka, ila si tufani. Upande wetu ndio msimu unaanza mwezi wa kumi na moja. Chido ilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 na kesho yake ikaingia Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma. Wazee wa Lindi wanaijua tufani ya Aprili 1952. Meli za abiria kubwa zinabanwa na sheria kufanya mazoezi ya moto na ya kuacha meli kila wiki, na tangu Costa Concordia izame Italia Januari 2012 wakafa watu 32, abiria hawaondoki bandarini kabla ya kuonyeshwa vituo vyao vya dharura. Binti atapewa kadi yenye kituo chake na kazi yake siku ya hatari. Aikariri kama sala.

Na kupumzika: mkataba ule wa 2006 unadai angalau saa 10 za mapumziko ndani ya saa 24, na saa 77 kwa wiki, na zile 10 zisikatwe zaidi ya vipande viwili, kimoja kisipungue saa 6. Atafanya kazi siku zote saba, hilo ajiandae. Akiona anasaini karatasi yenye saa za mapumziko ambazo hakuzipata, aongee.

Binti wa Mikindani (yupo kazini)

Shikamoo mama. Shikamoo na wewe baba dobi, umesema kweli tupu.

Mimi ni wa Mikindani, nipo mgahawani kwenye meli nyingine, pia Karibi. Naongeza ya kike.

Chumba atalala na msichana mwenzake, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, kila kimoja na pazia lake. Hakuna dirisha, kwa hiyo asiache kupanda juu kuona jua, wiki ya kwanza watu wanachanganyikiwa usiku na mchana. Korido zina kamera. Sheria kali kuliko zote ni hii: mfanyakazi haruhusiwi uhusiano na abiria. Ukikutwa chumbani kwa abiria usiku bila kazi, bandari inayofuata unapandishwa ndege. Abiria wengine wakilewa Krismasi wanakuwa na mikono mirefu. Aondoke hapo, apige simu usalama, aandike taarifa usiku ule ule. Asione haya. Mimi nilishawahi kufanya hivyo na mkuu wangu alisimama nami.

Asibebe mishumaa, mama, najua utataka kumfungia. Mishumaa, ubani, birika la umeme, pasi, vyote vinachukuliwa getini kwa kuogopa moto. Abebe sumaku chache za kubandikia picha, kuta za chumba ni chuma. Kanga doti mbili: ni shuka, ni taulo, ni pazia. Na nguo moja ya kitenge iliyoshonwa vizuri, kwa sababu usiku ule baada ya ibada watu wanavaa vya kwao, na inauma ukiwa peke yako na sare.

Siku ya Krismasi nililia, sitakudanganya. Nililia stoo ya glasi, dakika kama tano, mpaka dada mmoja wa Ufilipino mwenye mtoto wa miaka mitatu kwao akaja, hakusema kitu, akachukua trei yangu akapeleka meza zangu. Nilipotoka alikuwa ameshamaliza. Ndiyo ile saa anayoisema baba dobi.

Mzee wa Masasi

Mama Chikongola, mimi nakwenda kinyume kidogo na wenzangu, unisamehe.

Kijana wangu alikuwa jikoni kwenye meli ya aina hiyo. Machi 2020 corona ilipoingia, meli za kitalii zikasimamishwa dunia nzima. Abiria wakashushwa wakarudishwa makwao, wafanyakazi wakabaki. Bandari hazitaki watu washuke, ndege hazipo. Meli ikatia nanga nje, anaiona nchi kavu kwa mbali wala hawezi kuikanyaga, miezi. Mshahara ulikatwa, na hadi leo kuna kiasi hatujakiona. Mama yake alikuwa anakwenda kanisani kila asubuhi, misa au hakuna misa.

Sisemi asiende. Nasema aombe kuanza Januari. Ale Krismasi nyumbani, waagane vizuri, aimbe kwaya yake, kisha aende. Kazi ya kweli itamsubiri mwezi mmoja. Na kama haiwezi kumsubiri mwezi mmoja, mjiulize.

Dobi wa Lindi

Mzee wangu shikamoo. Pole sana kwa yaliyomkuta kijana. Wenzetu wengi yaliwakuta mwaka ule, na wapo waliojidhuru. Hilo lisisemwe kidogokidogo.

Kwa ajili ya mama niongeze kitu kinachotokana na hilo. Tangu Januari 2017 meli zilizo chini ya mkataba ule zinatakiwa kuwa na dhamana ya fedha, bima kwa lugha nyepesi, ya kumrudisha baharia kwao na kumlipa mishahara hadi miezi minne akitelekezwa. Cheti chake lazima kibandikwe melini mahali wafanyakazi wanakiona, kikiwa na jina na simu ya mwenye bima. Binti akifika akitafute, akipige picha, amtumie mama yake. Kijana wako mzee, kama ana mkataba na hati za malipo, asiache kudai.

Kuhusu Januari, hapo natofautiana nawe kwa heshima. Meli inapanga watu kwa siku ambazo wengine wanashuka. Ukikataa tarehe ya kwanza uliyopewa, aghalabu jina linarudi nyuma kabisa ya foleni, na Januari inakuwa Juni. Anaweza kuuliza, kuuliza si dhambi. Ila aulize mara moja, kwa barua pepe ya adabu, na jibu likija hapana asing'ang'anie. Na lingine: anayeanza Desemba mwanzoni, mkataba ukiwa wa miezi tisa, Septemba yuko nyumbani, na Krismasi inayofuata ana nafasi nzuri ya kuila Mtwara. Anayeanza Januari huenda akarudi Oktoba, akapumzika wiki chache, akaitwa tena Desemba ile ile. Apigie hesabu mbele, si mwaka huu peke yake.

Mama Chikongola (Mtwara)

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa sauti, baba yake amekaa pembeni anasikiliza. Mungu awabariki. Mzee wa Masasi, kijana wako namuweka kwenye sala zangu kwa dhati, na mama yake pia.

Niwape mrejesho. Yule mtu tulimwomba barua ya kampuni kama alivyosema kaka dobi. Kwanza akasema barua inakuja, halafu akasema ada imeshuka iwe milioni mbili, halafu simu haipokelewi. Binti akaandika moja kwa moja kwa ile anwani iliyoko kwenye mkataba wake. Wamejibu siku ya pili: hakuna ada yoyote, na hawamfahamu mtu huyo. Nilitetemeka nikifikiria gunia ngapi zingekwenda kwa kangomba. Sasa korosho zote zimekwenda ghalani, zinasubiri mnada.

Alijaribu pia kuuliza Januari, kwa adabu, mara moja. Wamesema tarehe haibadiliki. Basi tumekaa wote watatu, na mdogo wake, tukaongea hadi usiku. Mimi ndiye niliyesema nenda. Sikulisema kwa sababu limeacha kuniuma. Nimelisema kwa sababu nimeona kuna watu huko, na nimeona anajua anachokwenda kufanya: hiyo habari ya kuwashikia wenzake zamu mapema ameiandika kwenye daftari lake kabla hata sijamwambia. Mwalimu wa kwaya amempa nakala za nyimbo tatu, amemwandikia na sauti za wengine ili akawafundishe Wafilipino moja ya Kiswahili. Saa tatu asubuhi tumeshapanga, nitakuwa nimekaa chini ya mwembe, pale mtandao unashika vizuri, ndugu wote wamepewa taarifa kwamba saa hiyo hakuna mtu kunipigia.

Baba yake anauliza jambo moja na mimi nalileta kwenu. Anataka ampe korosho za kubangua na kukaanga, za kula na wenzake usiku ule. Zinaruhusiwa?

Binti wa Mikindani (yupo kazini)

Zinaruhusiwa mama, ila ziwe za kukaanga zilizofungwa kiwandani, pakiti ina lebo, si za kufunga kwenye mfuko wa rambo. Forodha ya Miami wakimuuliza kama amebeba chakula, aseme ndiyo na awaonyeshe. Anayeficha ndiye anayepigwa faini. Akishapanda azile humo humo, asishuke nazo kwenye visiwa. Kabla hajazifungua awatangazie wenzake kwamba ni korosho, wapo watu karanga na korosho zinawaziba pumzi kabisa, na daktari hataki kuamshwa usiku ule.

Zibebwe kwenye begi la mkononi. Mabegi makubwa wakati mwingine yanachelewa, yanafika meli ikiwa imeshaondoka, na yanakuja kuikuta wiki inayofuata. Humo humo kwenye begi la mkononi aweke sare moja kama ameshapewa, dawa zake, nyaraka zote halisi na nyimbo za mwalimu. Mwambie akifika Miami anitafute humu. Meli yetu na yao huenda zikakutana bandari moja Jumamosi, na nikipata hata saa mbili za kushuka nitakwenda kumwona.